Barua kwa mwanangu: damu ni 12.6, mbona unachoka?

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo.

Umeniuliza kwa nini zile kilomita 8 za asubuhi, ulizokuwa ukikimbia kwa dakika 6 kila kilomita huku unapiga soga, sasa zinakwenda kwa dakika 7, miguu mizito na moyo unadunda, ilhali unalala vizuri, malaria huna, na wingi wa damu (hemoglobini) ni gramu 12.6 kwa desilita. Unasema labda umelegea, uongeze mazoezi. Usiongeze.

Hiyo 12.6 isikutulize. Ni kweli mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya 12, lakini hemoglobini huchelewa kushuka. Madini ya chuma yakipungua, mwili kwanza hukomba akiba iliyo kwenye ini na uboho. Ikikaribia kwisha ndipo damu yenyewe hushuka. Mkimbiaji anaweza kuchoka kabla ya hapo, kwa sababu misuli nayo inahitaji chuma ili kuzalisha nguvu. Isitoshe, uko Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Huko mwili hutengeneza damu zaidi, hivyo 12.6 ya Arusha si sawa na 12.6 ya Dar.

Kapime ferritini, ambayo ndiyo inaonyesha akiba. Ikiwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita, akiba imekwisha. Kwa wanamichezo, madaktari wengi huanza kutibu ikiwa chini ya 30. Ila ina mtego: ukiwa na homa, mafua au uvimbe wowote mwilini, ferritini hupanda na kuficha upungufu. Kwa hiyo omba na CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe huo, siku hiyohiyo, na usiende kesho yake baada ya mbio ndefu.

Sasa chuma kinakwenda wapi? Kwanza hedhi. Ikizidi siku 7, au ukibadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, au ikitoka na mabonge makubwa, hiyo ni nyingi, mwambie daktari. Kama ulichangia damu mwaka huu, chupa moja huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma, na chakula hurudisha moja au mbili tu kwa siku. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu kimyakimya. Kipimo cha choo kinaionyesha. Na jingine nakuuliza bila kukuonea: unakula udongo? Hamu ya udongo au barafu mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huzuia chuma kisiingie mwilini.

Jikoni, adui mkubwa ni chai ya rangi juu ya maharage. Iache mpaka ipite saa moja baada ya kula. Weka ndimu, pera au chungwa kwenye mlo huohuo. Maini, nyama nyekundu na dagaa vina chuma kinachofyonzwa kirahisi. Mchicha unasifiwa kuliko unavyostahili. Bitiruti ni nyekundu, sawa, lakini rangi si chuma.

Vidonge usianze kabla ya majibu, maana vitavuruga kipimo na huenda tatizo si chuma. Ukiandikiwa ferasi salfeti ya miligramu 200, ndani yake chuma halisi ni kama miligramu 65. Muulize daktari kuhusu kumeza kimoja siku moja, kuruka ya pili: dozi ya leo hupandisha homoni iitwayo hepsidini, inayobana mlango wa utumbo, hivyo ya kesho hufyonzwa kidogo. Mazoezi makali nayo huipandisha saa 3 hadi 6 baadaye. Basi meza asubuhi kabla ya chakula, kwa maji ya machungwa, mbali na maziwa na dawa za kiungulia. Tumbo likikataa, meza na chakula. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Vifungie mbali na watoto, kwani vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Akiba hujaa kwa miezi mitatu au zaidi, kwa hiyo usiache ukijisikia vizuri tu.

Kwa sasa kimbia nusu ya ulichozoea, kwa mwendo unaoweza kuongea. Kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, hesabu mapigo kwa dakika nzima; yakizidi ya kawaida yako kwa 10, pumzika siku hiyo.

Ferritini ikiwa nzuri, turudi kwenye tezi ya shingo, sukari, ujauzito, na kama unakula kiasi kinachotosha mbio zako; hedhi ikikosekana miezi mitatu na huna mimba, kula kidogo ndiko kwa kushuku mapema. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku au kukonda, kapime TB. Ukizimia au kifua kikibana unapokimbia, acha mbio na nenda hospitali siku hiyohiyo.

Majibu yakitoka nipigie picha karatasi nzima, pamoja na MCV (ukubwa wa chembe nyekundu za damu) na vile viwango vya maabara vilivyoandikwa pembeni.

Mama yako