Kabla Hujamwambia Mteja Madabodi Imekufa

Mama mmoja wa Umoja, Nairobi, aliniletea kompyuta ya mezani, zile za ex-UK, aliyomnunulia bintiye anayesoma chuo. Ukiilaza (sleep) usiku, asubuhi haiamki. Feni inazunguka, taa inawaka, skrini ni giza tupu. Fundi wa kwanza alimwambia pawa saplai imeharibika, akanunua nyingine, na shida ikabaki palepale. Fundi wa pili akasema ni madabodi. Alipofika kwangu alikuwa ameshatoa pesa mara mbili kwa mashine ambayo haikuwa na kasoro yoyote ya umeme.

Sikufungua hata skrubu moja. Niliiwasha, nikaingia Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows, nikakuta alama mbili za mshangao za manjano. Moja ilikuwa kando ya "SM Bus Controller", nyingine kando ya "PCI Simple Communications Controller". Ukishazoea, majina hayo mawili yanakusimulia kisa kizima: mtu aliweka Windows upya bila intaneti, akaona picha ipo na sauti ipo, akaridhika, akamkabidhi mteja. Draiva, yaani programu zinazoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa, za chipuseti hazikuwahi kuwekwa. Niliziweka, nikailaza mashine, tukanywa chai, nikaiamsha. Ikaamka.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii, iwe ni Luthuli, Moi Avenue au kwenye kibanda cha mtaani, kwa sababu ya yule mama. Pesa alizopoteza hazikuibwa na mtu mbaya. Mafundi wote wawili walikuwa vijana wenye bidii ambao hawakuwahi kuambiwa waanzie wapi.

Chipuseti ndiyo inayopokea vifaa vingi kwenye madabodi na kuviunganisha na prosesa. Zamani ilikuwa chipu mbili: moja ya ramu na kadi ya picha, nyingine ya vifaa vya polepole. AMD walihamisha udhibiti wa ramu ndani ya prosesa mwaka 2003, Intel wakafuata mwaka 2008, na leo kwenye kompyuta nyingi za nyumbani imebaki chipu moja. Hiyo ndiyo yenye matundu mengi ya USB, diski za SATA, sauti, mtandao wa waya, na sehemu ya kazi ya kulala na kuamka. Kwa hiyo draiva yake ikikosekana, kompyuta haizimiki kama taa. Inasumbua pembeni. Inakataa kuamka, feni inavuma bila sababu, padi ya kugusa ya laptopu haisikii kidole. Kila moja ya dalili hizo inafanana na kifaa kilichokufa, na hapo ndipo mteja anapotumwa dukani.

Kuna jambo linalowatisha karibu wote wanaoanza, na mimi lilinipotezea siku nzima. Unafungua draiva ya chipuseti ya Intel, unaangalia tarehe, unakuta 18 Julai 1968. Unadhani umewekewa takataka, unaifuta, unatafuta nyingine, nayo ina tarehe ileile. Hiyo ni siku ambayo kampuni ya Intel ilianzishwa, na waliiandika makusudi. Windows ikiwa na draiva mbili zinazofaa kifaa kimoja, huwa inatazama pia tarehe, na Intel hawakutaka faili zao za jumla zifunike draiva mahususi zaidi iliyokwisha kuwekwa. Microsoft nao hufanya kitu kama hicho: draiva nyingi zinazokuja na Windows yenyewe huandikwa 21 Juni 2006. Kwa hiyo kwenye chipuseti tazama namba ya toleo, usitazame tarehe.

Na mwambie mteja ukweli kuhusu kifurushi hicho cha draiva ya chipuseti ya Intel. Sehemu kubwa yake ni maandishi tu yanayoiambia Windows kila kipande kinaitwaje. Hakitaongeza kasi ya mashine, na fundi anayemtoza mtu pesa kwa ahadi ya kasi anamkosea. Draiva zenye kazi nzito za Intel zinakuja kando: ile ya Management Engine, kompyuta ndogo ya usimamizi iliyo ndani ya chipuseti, ambayo ndiyo iliyokuwa ikikosekana pale kwenye "PCI Simple Communications Controller", ile ya Serial IO inayohudumia padi za kugusa kwenye laptopu nyingi, na ile ya Rapid Storage inayohudumia diski. Hii ya mwisho ishikeni sana. Kwenye laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11, unaanza kuweka Windows na diski haionekani kabisa. Nimeona SSD nzima zikitupwa kando kwa sababu hiyo. Diski iko, ila imefichwa nyuma ya kidhibiti kinachoitwa VMD, na ukipakia draiva hiyo kutoka kwenye flashi palepale, inajitokeza.

Kwa AMD mambo ni tofauti, na huku kusasisha kuna uzito zaidi. Oktoba 2021, Windows 11 ilipotoka, prosesa za Ryzen zilipungua nguvu kwa makosa mawili. Moja lilirekebishwa na Microsoft ndani ya Windows. La pili, lililoizuia Windows kuchagua viini (cores) vya prosesa vyenye kasi zaidi, lilirekebishwa na draiva ya chipuseti toleo 3.10.08.506. Aliyesasisha Windows peke yake alipata nusu ya dawa. Mwezi mmoja kabla ya hapo AMD walitangaza tundu la usalama kwenye draiva yao ya PSP, sehemu ya usalama ndani ya prosesa, inayokuja ndani ya kifurushi hichohicho cha chipuseti: mtumiaji wa kawaida, asiye na ruhusa ya msimamizi, angeweza kusoma mabaki ya kumbukumbu yasiyomhusu. Nyumbani kwa mtu mmoja hilo ni dogo. Lakini fikiria kompyuta ya saiba, ambako watu wanapanga foleni mwezi wa Juni kujaza ritani za KRA, mmoja akiinuka mwingine anakaa. Ukiwa unazihudumia mashine za saiba, kusasisha draiva hizi ni sehemu ya kazi yako.

Sasa uzitoe wapi? Kama ni Dell, HP au Lenovo, nenda tovuti ya kampuni hiyo, andika namba ya mashine iliyo kwenye kibandiko, upakue ya chipuseti kwanza. Kama ni ya kuunganishwa, andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafuta uone jina la madabodi, kisha uende kwa aliyeitengeneza. Kwa AMD unaweza kwenda moja kwa moja kwa AMD wenyewe. Kibandiko kikifutika na kifaa hakina jina, fungua sifa zake (Properties) kwenye Device Manager uangalie namba zake. VEN_8086 ni Intel, namba waliyoichukua kwenye prosesa yao ya mwaka 1978. VEN_1022 ni AMD. Zile programu zinazojitangaza kuwa zitasasisha draiva zote kwa kubofya mara moja, msiziweke kwenye mashine ya mteja. Nimeondoa matangazo na takataka zilizoachwa nazo mara nyingi mno.

Nunua flashi moja ya kazi, ujaze draiva za mashine za ex-UK zinazopita mikononi mwako kila wiki. Itakuokolea bando, na itakuokoa siku ambayo hata draiva ya mtandao haipo.

Kuhusu stima, msichanganye mambo mawili. Stima ikipotea ukiwa katikati ya kuweka draiva, mara nyingi utawasha tena na kurudi ulikotoka, hasa ukiwa umetengeneza sehemu ya kurejea (restore point) kabla ya kuanza, na usiache kuitengeneza. Ikipotea katikati ya kusasisha BIOS, programu iliyo ndani ya madabodi inayoiwasha mashine, madabodi inaweza kufa kweli. BIOS haiguswi bila UPS, au laptopu bila betri yenye chaji. Na mashine ambayo haina alama ya manjano, inalala na kuamka vizuri, na haina onyo la usalama linaloihusu, iache. Nimeona draiva mpya ya Management Engine ikiifanya kompyuta iliyokuwa nzuri ikatae kuzima, na tiba ikawa kurudisha ya zamani.

Mteja akirudi kuchukua mashine, msiifunge kwenye mfuko kabla hajaona. Ilazeni mbele yake, muiamshe, mchomeke flashi kwenye kila tundu la USB, moja baada ya jingine, kisha mumfungulie Device Manager aione orodha isiyo na alama hata moja.