Masta ya klachi ya juu: paipu kwanza, nati baadaye

Mdogo wangu unayeanza gereji, ukiletewa Hilux ya zamani ambayo pedeli ya klachi inazama hadi kwenye kapeti, usikimbilie kushusha gia boksi. Ingia ndani, papasa nyuma ya pedeli pale fimbo inapopenya ukuta. Vidole vikitoka na mafuta ya breki, masta ya juu, yaani pampu ndogo inayosukuma mafuta hayo hadi kwenye klachi ukikanyaga pedeli, imechoka. Mafuta hayo yanabambua rangi ya gari, kwa hiyo weka ndoo ya maji karibu.

Kuifungua si kazi: nati mbili za namba 12, paipu ya namba 10, na pini yenye klipu kwenye pedeli. Kazi ni nafasi. Huku haidrovaki, lile kopo kubwa linaloipa breki nguvu, kule nyaya, na mkono unaopita ni mmoja tu.

Mwaka wangu wa kwanza niliikaza masta mpya ikakaa vizuri, nikaridhika, ndipo nikaanza kutafuta tundu la paipu. Paipu ya chuma haikufuati unakotaka. Nati yake iliingia kombo, nikadhani ugumu ule ni kutu, nikaongeza spana. Masta ni aluminiamu, nati ni chuma. Nyuzi zikanyofoka, na masta ya pili niliinunua kwa hela yangu.

Siku hizi naiacha masta icheze kwenye bolti zake, halafu naingiza nati ya paipu kwa vidole. Macho hayasaidii kitu pale, hata ukifumba ni sawa. Izungushe kinyume kwanza hadi uhisi kama imedondokea kwenye uzi, ndipo uikaze. Mizunguko mitatu kwa vidole vitupu. Ikigoma, toa, anza upya. Masta yenyewe ndiyo ya kukazwa baadaye.

Kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta utafundishwa na yeyote: mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini kwenye nipo, ile skrubu ya kutolea upepo. Kinachosahaulika ni fimbo. Bonyeza pedeli kwa kidole. Lazima icheze kidogo kabla fimbo haijaigusa pistoni. Isipocheza, pistoni hairudi hadi mwisho, na katundu ka kurudishia mafuta kwenye kikopo kanabaki kamezibwa. Mafuta yakipata moto yanakosa pa kwenda, klachi inaanza kuteleza mlimani, na mteja anarudi akisema umemharibia gari. Atakuwa na haki. Legeza loki nati, ile inayoishikilia fimbo isijizungushe, fupisha fimbo kidogo, ujaribu tena kwa kidole kabla hujamkabidhi funguo.