Sista ukienda kihambani: kata, isale na makaburi

Sista aliyepangiwa parokia ya mlimani Kilimanjaro, naye kwao ni mbali na Uchagani, huandaa begi kwanza: rozari, dawa, peremende za watoto. Sisi tunasema aanze na kukubali kiti. Kihambani, yaani kwenye shamba la migomba linaloizunguka nyumba ya Mchaga, mgeni hukaribishwa, hukalishwa, hupewa cha kutia kinywani, ndipo husikilizwa. Anayeanza kusalisha akiwa bado amesimama mlangoni ameruka hatua ambayo wenyeji huitumia kumsoma ni mtu wa namna gani.

Taarifa ipelekwe kwa mwenyekiti wa jumuiya siku 3 au 4 kabla. Tangu maaskofu wa AMECEA, shirikisho la maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogondogo kipaumbele katika mkutano wao wa 1976, huko ndiko parokia inakoishi, na mwenyekiti ndiye anayejua nyumba ipi ina mgonjwa na siku gani kina mama wako sokoni. Nendeni wawili, na mwanajumuiya mmoja wa hapohapo. Wa hapohapo kweli, kwa sababu Kichaga si kimoja: Mmachame na Mrombo wakizungumza kila mtu cha kwao, hawaelewani. Nyumba 3 kwa asubuhi moja zinatosha. Ya nne mtaingia mmeshiba, mkatae chakula, na mama aliyeamka alfajiri kupika kiburu, yaani ndizi na maharage, ataumia bila kusema. Ikiwa ni Kwaresima au Ijumaa, semeni mapema kwamba hamli nyama, kabla mbuzi hajachinjwa. Masika, Machi hadi Mei, vaeni viatu vya mpira. Ule udongo unateleza vibaya.

Mbege, pombe ya Wachaga, ndiyo huwatia masista wengi wasiwasi. Ni ndizi mbivu zilizochemshwa muda mrefu na kuachwa siku kadhaa zichachuke, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi na maji ya gome la msesewe linaloipa uchungu. Iliyochanganywa leo bado ni tamu; ikilala ndipo ina kilevi cha kutosha. Kwa hiyo uliza imechanganywa lini. Mwenyeji huonja kwanza, kisha hukupa kata, yaani kibuyu cha kunywea, kwa mikono miwili, nawe uipokee kwa miwili. Huhitaji kuimaliza. Kata ni ya kuzunguka: gusisha midomo, shukuru, mpe aliye kando yako. Kinachokosea adabu ni kuisukuma kwa kiganja au kukunja uso. Mwenye dawa za presha asinywe, kwa kuwa msesewe wenyewe una viini vinavyoshusha presha. Akisema “Mama, natumia dawa,” hakuna atakayekasirika.

Isale lahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kwa macho ya mgeni ni jani refu la kijani, zuri la kupamba altare, na hapo ndipo kosa hutokea. Masale hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba na mahali walipolala wazee. Ukikata bila kuomba, umegusa mpaka wa mtu au kaburi la baba yake. Tena isale ni ombi la msamaha: aliyekosa humletea aliyemkosea, na kulikataa ni jambo zito sana. Familia zenye ugomvi huweza kumwomba sista aandamane na mleta isale. Kubali kusindikiza, lakini hakikisha kwanza kwamba mkosaji mwenyewe ameamua kuomba radhi, na umwachie mzee wa ukoo azungumze. Usilipokee wewe kwa niaba ya aliyekosewa. Msamaha unaopokelewa na mgeni huacha wenyewe wakiwa bado hawajapatana.

Wafu huzikwa hapohapo kihambani. Omba uonyeshwe makaburi, uliza majina, kisha mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kusali pale. Huenda ukaona mzee akimwaga pombe kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Nyamaza na usishiriki; usimkemee mbele ya wajukuu. Ukiwa na swali, muulize baadaye mkiwa wawili, uyapeleke uliyosikia kwa paroko. Utamadunisho, yaani kuiishi imani ndani ya utamaduni wa wenyeji, ambao Kanisa linauhimiza, hauwezi kuanza na mtu ambaye hajasikiliza maelezo ya wenyewe.

Zawadi iwe ndogo na ya nyumba nzima: kilo moja ya sukari, chumvi, sabuni. Peremende njiani huwafundisha watoto kukimbilia shela jeupe na mikono wazi. Karo ya shule usiahidi, hata kwa “tutaona,” maana huko “tutaona” kutoka kwa sista husikika kama ndiyo. Picha ni mpaka uruhusiwe, na ya mgonjwa kitandani isipigwe kabisa.

Mkiaga, mtapewa ndizi, maparachichi, pengine mayai ndani ya kikapu. Pokeeni hata kama nyumba ni maskini, hasa kama ni maskini. Kikapu kirudi ndani ya wiki, na kisirudi kitupu.