Mashine za bei mbaya zinadumu kweli? Jibu la mkazi wa ufukweni

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama mashine ya kufulia ya Kijerumani ya zaidi ya milioni tatu inadumu kweli kuliko ya laki tisa, na kama friji kubwa ya milango miwili, ile inayotoa maji na barafu mlangoni, inamfaa mtu anayehamia Kunduchi. Wadau wengi hapo juu wamekujibu kwa kutaja chapa. Mimi nakaa upande huohuo wa bahari na nimekuwa na vifaa vya bei ya juu na vya kawaida kwa zaidi ya miaka kumi. Kwangu chapa ni swali la pili. La kwanza ni hili: ndani ya hicho kifaa kitaanza kufa nini, na kikifa, Dar hii kuna mtu wa kukibadilisha?

Nianze na mashine ya kufulia, maana hapo pesa kubwa inaonekana ilikokwenda. Niliyonayo sasa ni Miele, chapa ya Kijerumani, niliinunua ikiwa imeshatumika kwa familia ya kigeni iliyokuwa inarudi kwao. Kampani yenyewe husema huzijaribu mashine zake kwa kazi inayolingana na miaka 20 ya matumizi. Hiyo si waranti, usije ukachanganya, ila ukiifungua unaona walichomaanisha. Vile vizito vya kuituliza isirukeruke ni chuma cha kusubu, wakati nyingi za kawaida zina zege. Siku ya kuipandisha ghorofani vijana wawili walishindwa, ikabidi waitwe wengine. Imefua nepi, mashuka na makapeti madogo ya chooni, na inapokamua haihami hata kidogo.

Iliyoitangulia nayo haikuwa ya laki tisa. Ilikuwa ya jina kubwa na ya bei, sitaitaja. Beringi ya dramu ikaisha, ikawa inapokamua unadhani lori la kokoto linapita sebuleni. Beringi zenyewe si kitu. Ni namba za kawaida kama 6205 au 6206, unazikuta kwenye duka lolote la beringi kwa pesa ya mboga. Shida ni kwamba fundi alipofika kwenye tangi la plastiki linaloshika dramu, akakuta limechomewa pande zote, halina bolti hata moja. Kulifungua mpaka ulikate kwa msumeno, ubadilishe, ulirudishie kwa silikoni na skrubu, halafu uombe Mungu lisivuje. Wakala alitaka ninunue tangi zima pamoja na dramu yake, kwa bei iliyopita nusu ya mashine mpya. Nikaiuza kama chuma chakavu.

Kwa hiyo bei haikuambii kama tangi lina bolti. Hata baadhi ya zile za gharama siku hizi zinakuja limechomewa. Usimuulize muuzaji, atakujibu "hii ni orijino bosi" na basi. Muulize fundi aliyewahi kufungua modeli hiyohiyo, au tafuta video ya mtu anayeibomoa. Nusu saa ya bando itakuokolea milioni.

Kuna kitu kingine ambacho watu wa pwani wanapaswa kukijua. Nyuma ya dramu kuna mkono wa pembe tatu unaoishika kwenye ekseli, na mara nyingi ni wa aloi ya alumini, wakati dramu ni chuma kisichoshika kutu. Metali mbili tofauti zikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi na sabuni, ile dhaifu inaliwa. Na maji yetu mengi huku ni ya kisima, unayaonja tu unajua. Siku mkono ukikatika dramu inapiga pembeni na mashine imekwisha, iwe ya laki tisa au ya milioni nne. Ukimaliza kufua acha mlango wazi pakauke. Mara mojamoja izungushe tupu kwa maji ya moto na unga wa asidi ya sitriki, maana maji hayohayo hugandisha chokaa kwenye hita. Usizidishe sabuni pia; povu linalobaki ndani nalo ni sehemu ya tatizo.

Halafu presha ya maji, hii wanaiona kasoro ya mashine wakati ni ya nyumba. Kila mita 10 za kimo cha maji ni kama baa 1 (baa ni kipimo cha presha). Simtangi lako likiwa mita tatu juu ya mashine unapata kama baa 0.3. Mashine nyingi za Ulaya zimeandikwa kwenye kitabu chake zinataka kuanzia baa 0.5, nyingine 1. Inavuta maji taratibu, inachoka kusubiri, inaleta kosa kwenye kioo, na fundi asiye mwaminifu anakuuzia valvu. Pampu ndogo ya presha inamaliza hadithi.

Sasa friji. Hapa naomba uwe mwangalifu na ile stika ya "miaka 10" mlangoni. Soma maandishi madogo: karibu kila mara ni waranti ya kompresa ya inverta peke yake. Bodi ya elektroniki inayoiendesha haimo, gesi haimo, ufundi haumo. Na kompresa za kisasa kweli ni ngumu. Kinachokufa huku kwetu ni bodi. Friji yangu ya milango miwili ilikufa hivyo. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, taa za mtaa mzima zikawaka kwa ukali kisha zikatulia. Kompresa nzima, bodi imeungua. Waranti ya miaka 10 ikiwa bado inang'aa mlangoni, nikasubiri bodi kutoka nje kwa wiki nyingi huku samaki wangu wakilala kwa jirani.

Bodi ya pili iliuawa na mjusi. Msicheke. Hawa mijusi wa ukutani wanapenda joto, wanaingia kwa nyuma, wanagusa njia mbili za umeme na kukauka hapohapo, na bodi inakwenda nao. Fundi alinitolea mmoja kwa koleo. Sasa nimefunga matundu ya nyuma kwa wavu laini unaopitisha hewa.

Mama mkwe wangu Tanga ana friji ya mlango mmoja ya mtumba kutoka Ulaya, ya thamostati ya kuzungusha kwa mkono. Imebadilishwa rilei na thamostati, basi, inadunda. Lakini tusidanganyane na habari za "vya zamani ndivyo vilivyokuwa imara". Friji za umri wake zilizokufa hatuzioni, tunaona hizi zilizobaki tu. Na ile yake inakula luku vibaya sana. Faida yake ni moja: fundi yeyote wa mtaani anaielewa.

Kwa ufukweni kuna jambo la mabomba ya kutoa joto. Friji za zamani zilikuwa nayo mgongoni, ule wavu mweusi. Nyingi za sasa yamefichwa ndani ya kuta, ndiyo maana ubavu unakuwa wa moto. Kutu ya chumvi ikitoboa huko ndani, nyuma ya povu gumu la kuzuia joto, fundi hana pa kuchomelea. Anaweza tu kukufungia mabomba mapya kwa nje. Na kama stika ya nyuma inasema gesi ya kupoza ni R600a, asije mtu akakujazia R134a eti "gesi ni gesi". Mafuta ya kompresa ni tofauti. R600a pia inashika moto, na inaingia gramu chache tu, kwa hiyo fundi asiye na mizani mshukuru na umwonyeshe geti.

Barafu ya mlangoni: usichukue. Inataka maji safi yenye presha na filta ya kubadilishwa mara kwa mara, ambayo ikikosekana Kariakoo unaagiza nje. Kwa maji yetu valvu yake inaziba mapema sana. Kama una ndugu Marekani anayetaka kukuletea kwenye kontena, mwambie asante. Za kule ni volti 120 na hezi 60 (mapigo ya umeme kwa sekunde), zetu ni 230 na 50. Transfoma itabadilisha volti, hezi haigusi.

Kuhusu spea, toka Machi 2021 sheria za Umoja wa Ulaya zinawabana watengenezaji wawe na spea muhimu za mashine ya kufulia kwa angalau miaka 10 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na za friji miaka 7. Hazina nguvu hapa Bongo, ila zina maana kwako: ukinunua modeli ambayo namba yake inauzwa na Ulaya pia, bodi au pampu ipo mahali fulani, na mtu anayekuja likizo anaweza kuibeba kwenye begi. Modeli nyingine zimetengenezwa kwa soko la Ghuba tu, jina lilelile, bodi tofauti. Piga picha ile namba ndefu kabla hujalipa.

Mimi pesa yako ningeigawa hivi. Mashine ya kufulia, weka pesa, hata ya mtumba, mradi tangi lina bolti. Friji chukua ya kawaida ya friza juu, isiyo na skrini wala bomba. Baki inunue friji gadi nzuri kwa kila kimoja, ile inayokata umeme ukishuka au ukizidi na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha.

Na ukienda kwa wauza mtumba, fungua mlango wa mashine, shika dramu ikiwa tupu uinyanyue juu na chini, kisha izungushe kwa mkono, sikio likiwa karibu. Ikicheza au ikiguna, beringi imekwisha. Omba upunguziwe sana au nenda duka linalofuata.