Najaza fomu ileile kila nikienda kliniki, inanisaidia nini?

SWALI: Shikamoo anti. Natibiwa sonona miezi kadhaa sasa na kila nikienda kliniki nesi ananipa fomu ileile, maswali yaleyale 9, usingizi, hamu ya kula, kujiona huna thamani, najaza narudisha, daktari hata haigusi, anaandika dawa zilezile naondoka. Kaka yangu naye anakunywa methadoni baada ya kuacha heroini, wao wanatikiwa kila siku wakinywa dozi na tiki zote zinaingia kwenye kompyuta, anaogopa zitafika kazini kwake. Mi nimeanza kujaza uongo, naweka sifuri zote yaishe. Nakosea?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kuchoka una haki, ila huo uongo acha leo hii.

Fomu unayoisema inaonekana ni PHQ-9. Inauliza wiki 2 zilizopita, kila swali lina alama 0 mpaka 3, jumla ya juu kabisa 27, ukifika 10 inabidi uangaliwe kwa makini na kuanzia 20 ndo sonona kali. Ila alama ya siku moja haisemi mengi, utamu wake ni ukizipanga. Tuseme ulianza na 18, ukaja 17, halafu 18 tena na dawa ni ileile dozi ileile, hapo mtu yeyote anayeangalia anaona matibabu hayajashika na kitu kibadilike, iwe dozi, iwe dawa yenyewe, au uongezewe vikao vya ushauri nasaha. Ikishuka kwa 5 au zaidi ndo wanahesabu umepata nafuu ya maana. Sasa wewe ukiweka sifuri, rekodi inasema umepona, na daktari mwenye foleni ndefu nje atasema haya endelea na hizohizo.

Lakini lawama kubwa naiweka kwa wanaokusanya halafu hawasomi, na hili linaniuma kweli. Swali la 9 linauliza kama umewaza bora ufe au ujidhuru. Mtu akitiki pale halafu fomu ikatupwa kwenye faili bila yeyote kumgeukia, kulikuwa na haja gani ya kumuuliza? Jibu la pale lisomwe siku ileile, kabla hajatoka.

Kwa kaka yako, hizo tiki ndo zinamlinda. Mtu akikosa methadoni siku kadhaa mwili unaanza kuisahau, akirudi akapewa dozi yake yote ya zamani inaweza kumkatisha pumzi, ndo maana kawaida akikosa siku 3 mfululizo anapimwa upya kwanza. Na kliniki inayojali haisubiri arudi, siku ya kwanza au ya pili inampigia simu. Ni hivyohivyo kwa aliyetoka wodi ya akili, wiki za mwanzo nyumbani zina hatari kubwa ya kujiua, Marekani hospitali na bima zinapimwa kwa kuangalia kama mgonjwa alionwa ndani ya siku 7 na ndani ya siku 30. Mi naona hapo ndo data ina thamani kuliko popote, kumjua aliyepotea mapema.

Hofu ya kaka siipuuzi hata kidogo. Mwaka 2020 kule Finland ilijulikana kwamba rekodi za wagonjwa wa kituo cha tiba ya saikolojia cha Vastaamo zilikuwa zimeibwa, na wagonjwa wenyewe wakaanza kutumiwa ujumbe walipe la sivyo siri zao zianikwe. Marekani wana kanuni maalum tangu miaka ya 1970 kwamba rekodi za tiba ya uraibu hazitoki bila mgonjwa kukubali kwa maandishi, isipokuwa mambo machache. Na kama kliniki inataka tu kujua wangapi wanaacha dawa na wanaacha mwezi gani, majina ya nini? Basi kaka aulize nani anafungua faili lake, na kama kompyuta inaandika nani kalifungua na lini.

Wewe ukienda mwambie daktari, naomba nione alama zangu toka nianze, na umwambie zipi ulidanganya ili wasizihesabu. Ila kama na ile ya swali la 9 ilikuwa sifuri ya uongo, usisubiri tarehe ya kliniki, mwambie kaka akupeleke leo.