Umeme ukikatika katikati ya migresheni: Knex, kufuli na data za mwanzo

Uko Lubumbashi, seva iko Ulaya, na modemu inazimika wakati `npx knex migrate:latest` bado inaendelea. Hiyo ni amri ya Knex, zana ya Node.js ya kushughulikia hifadhidata, inayoendesha migresheni, yaani faili za kubadilisha hifadhidata. Ukiirudia, Knex inagoma: "Migration table is already locked". Usikimbilie kufuta majedwali. Kabla ya kuanza, Knex iliandika 1 kwenye safu ya `is_locked` ndani ya jedwali la kufuli, `knex_migrations_lock`, ikafa kabla ya kuirudisha 0. Hakikisha hakuna mwenzako anayeendesha migresheni saa hiyo, kisha piga `npx knex migrate:unlock`. Ukiingia seva kwa SSH, endesha amri ndani ya tmux, programu inayoweka kikao hai kwenye seva. Mtandao ukikatika, kazi inaendelea bila wewe.

Kufuli ni jambo dogo. Balaa ni kile kilichobaki nusu. Kwa PostgreSQL, kila faili iko ndani ya muamala wake, ikikatika yote inarudi nyuma. MySQL haina huruma hiyo: `CREATE TABLE` na `ALTER TABLE` zinathibitishwa papo hapo. Faili yenye mabadiliko 3 ikikatikia la 2, la kwanza limeshaingia ila `knex_migrations`, jedwali la faili zilizokwisha kuendeshwa, haina habari nalo. Ukirudia unaambiwa jedwali lipo tayari. Kwa MySQL, basi, badiliko 1, faili 1, hata folda ikijaa.

Faili ya data za mwanzo inayoundwa na `seed:make` huja na `.del()` juu, inayofuta data yote ya jedwali. Kwenye kompyuta yako haina neno. Kwenye seva, wateja wakiwa wameunganishwa na jedwali la majimbo kwa `CASCADE`, wanafutika nayo. Badala yake weka `.insert(majimbo).onConflict('kodi').merge()`, inayosasisha jimbo lililopo, na `kodi` (msimbo wa jimbo) iwe `unique`, isijirudie. Tena `seed:run` haiweki kumbukumbu: kila ukiiita inarudia faili zote kwa alfabeti. Zianzie `01_`, `02_`, sarafu CDF na USD zitangulie bei.

Bado zinazunguka orodha za majimbo 11 ya Kongo (DRC). Tangu 2015 ni 26 ukihesabu Kinshasa. Kuigawa Katanga ni kazi ya migresheni. Badilisha kwanza `CASCADE` iwe `RESTRICT`, ingiza majimbo 4 mapya, kisha hamisha wateja kwa mji: Lubumbashi na Likasi Haut-Katanga, Kolwezi Lualaba, Kamina Haut-Lomami, Kalemie Tanganyika. Wasioandikwa mji wabaki Katanga. Hifadhidata itakataa kuifuta mpaka nao wapate jimbo.