Maswali ya Magari: Tinti ya vioo vya mbele, namba gani haitakuletea shida?

SWALI: Kaka habari za kazi. Sisi tulikuwa Dallas tukahamia Des Moines, Iowa, na minivan yetu iliwekwa tinti kulekule Texas, fundi akatuhakikishia ni halali kabisa. Sasa jirani yangu huku, Mrundi mwenzangu, ananiambia hivyo vioo vya mbele nitasimamishwa tu siku moja. Nikaenda kwa fundi wa huku akasema atabandua aniwekee 50, eti ndiyo kila mtu anayo. Nafanya shifti ya jioni natoka usiku, na mchana nikienda kazini jua linanichoma mkono wa kushoto, watoto nao nyuma wanalalamika. Nifanyeje?
Mama wa wawili, Des Moines

JIBU: Dada pole na kuhama, na jirani yako kakwambia ukweli mtupu. Fundi wa Texas naye hakukudanganya, shida ni kwamba Marekani kila jimbo lina sheria yake ya tinti, yani hiyo barabara ya I-35 mliyopanda nayo kutoka Dallas ina sheria tofauti kila ukivuka mpaka. Texas vioo vya pembeni vya mbele vinatakiwa vipitishe mwanga asilimia 25 au zaidi, Iowa wanataka 70, na ukiendelea na barabara hiyohiyo mpaka Minneapolis unakuta Minnesota wanataka 50. Labda huyo fundi wako kazoea kazi za Minnesota sijui, ila 50 kwa Iowa ni kosa na faini italipwa na wewe dereva sio yeye.

Kumbuka hiyo namba ni mwanga unaopita, kwahiyo ikishuka ndo giza linaongezeka. Tinti ya 5 ni ile nyeusi tii, 70 kwa macho ya kawaida unaweza usijue hata kama kuna kitu kimebandikwa.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapigwa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la tinti ni ya karatasi peke yake, ila kipimo cha polisi kinabana kioo na karatasi kwa pamoja, na kioo chenyewe kutoka kiwandani hakipitishi mwanga wote, kina ukijani wake kidogo. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inataka vioo vya mbele vitoke kiwandani vikipitisha angalau 70, na magari mengi yapo kwenye sabini na kitu hapo. Chukua kioo chenye 75, ubandike karatasi ya 90 ambayo ni kama maji kabisa, piga hesabu 75 mara 0.90 unapata 67.5, umeshavunja sheria ya Iowa na wala hujaona giza lolote! Kioo cha 78 na karatasi hiyohiyo unapata 70.2, umepita kwa nywele. Ndo maana hiyo 50 aliyosema fundi, kwenye kioo cha 75 inakuwa 37.5, hata Minnesota kwenyewe haipiti.

Kwahiyo nenda kwa fundi mwenye kipimo cha mwanga, mwambie akipime kioo kikiwa kitupu mbele yako kabla hajakata karatasi yoyote. Akikwambia haina haja, au anajua kwa macho, washa gari uondoke. Na akishabandika apime tena, akuandikie kwenye risiti namba ya karatasi na namba ya mwisho ya kioo.

Halafu kuhusu jua, maana hiki ndo ulichokuwa unakitaka kweli. Watu wengi wanadhani giza ndo linazuia joto, sio hivyo. Karibu nusu ya nguvu ya jua inakuja kwa miale ya infraredi ambayo jicho halioni kabisa, na inayounguza ngozi ni ya urujuanimno ambayo pia huioni. Tinti ya bei rahisi ni rangi tu, inakupa kivuli ila joto linaingia vizuri tu, wakati karatasi ya seramiki, hata ile nyeupe ya 90, inazuia sehemu kubwa ya infraredi na karibu urujuanimno wote. Na huo mkono wako wa kushoto ni kweli unaumia, sio mawazo yako. Kioo kikubwa cha mbele kimetengenezwa kwa tabaka mbili zenye plastiki katikati na kinazuia karibu miale yote ya kuunguza, ila vya milangoni kwenye magari mengi ni kioo kimoja tu na vinapitisha. Seramiki ni ghali sawa, lakini kama kipimo kimeruhusu na hela ni ya milango miwili tu basi iweke hapo mbele.

Watoto wako nyuma, na huko nyuma Iowa hawakubani. Sheria yao inashika kioo kikubwa cha mbele na vile vya kulia na kushoto kwa dereva, na sababu wameiandika wazi kabisa, kioo kisiwe cheusi mpaka mtu wa nje ashindwe kumwona aliye ndani. Minivan nyingi vioo vya nyuma ni vyeusi toka kiwandani, ila weusi ule ni rangi ndani ya kioo, joto bado linapita, so hapo ongeza seramiki na watoto watalala mpaka mfike.

Na nikuombe kitu dada yangu. Usitamani mbele pafanane na nyuma. Wewe unatoka kazini usiku, na mwezi wa 12 hapo Des Moines jua linazama kabla hata ya saa 11 jioni, barabara ina theluji imechanganyika na tope, mtu kavaa koti jeusi anavuka kwenye kona. Unapokata kona humwangalii kupitia kioo kikubwa, unamwangalia kupitia hicho cha pembeni, na yeye naye anatafuta macho yako ajue kama umemwona. Kioo cheusi kinawanyima wote wawili.

Tena Iowa hawana ukaguzi wa gari wa kila mwaka, kwahiyo hakuna atakayekwambia mapema, utajulia barabarani. Wengi wetu wageni hatutaki kumpa polisi sababu ya kutusimamisha, na tinti ya mbele ni sababu anayoiona akiwa mbali. Mpaka uibandue, ukisimamishwa shusha vioo vyote, washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani. Kubandua usiende na wembe mkavu, ipashwe moto au mvuke kwanza ivutwe taratibu, gundi inayobaki itoke kwa maji ya sabuni. Kioo cha nyuma chenye nyaya za kuyeyusha barafu, wembe usiguse kabisa.

SWALI: Asalaam alaykum. Niko Dubai naendesha gari ya kampuni, wanasema tinti sasa ni 50. Nimeona mtandaoni za Marekani bei poa zimeandikwa 30, si ndo nyepesi zaidi niko salama?
Kijana wa Lamu

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu, usiagize! Emirati waliongeza kutoka 30 mpaka 50 mwaka 2017, ila wao wanahesabu giza, yani mwanga unaozuiwa. Karatasi ya Marekani ikiandikwa 30 maana yake inapitisha 30 tu, imezuia 70, umevuka mbali sana na faini yake ni dirhamu 1,500. Kioo kikubwa cha mbele usiguse. Na gari si lako, pata ruhusa ya kampuni kwa maandishi.

SWALI: Shikamoo. Nimenunua gari mkononi kwa mtu hapa Leicester, milango ya mbele ina tinti lakini MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, imepita juzi tu. Kwahiyo iko sawa?

JIBU: Marahaba. Hapana, MOT haipimi tinti, kupita kwake hakusemi chochote hapo. Uingereza kwa gari lililoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Aprili 1985, kioo kikubwa kipitishe 75 na vya pembeni vya mbele 70. Polisi na watu wa DVSA, wakala wa serikali wa usalama wa magari, wana vipimo, na wakikukuta giza limezidi wanaweza kukuzuia usiliendeshe barabarani mpaka ubandue. Kipimishe wiki hii hii. Bima yako pia waambie kama tinti inabaki, wengi wao wanaihesabu kama gari lililobadilishwa, usije ukapata ajali ndo wakaanza kukuuliza.

SWALI: Tinti yangu imegeuka zambarau na ina mapovu, kuna dawa? Msomaji, Tanga

JIBU: Hakuna. Ile ilikuwa ya rangi tupu, jua limeila rangi na gundi imekufa, bandua yote. Ukiweka mpya, usishushe kioo siku 3 mpaka 5, vile vijipovu vya maji vya mwanzo viache vikauke vyenyewe, na usipanguse kwa dawa ya vioo yenye amonia, kitambaa laini na maji ya sabuni vinatosha.